Kalamu Nyekundu na Miji ya Watu

Juzi asubuhi niliingia jikoni kutafuta kiberiti. Kwenye rafu iliyo juu ya mapipa ya maji nikakuta daftari la mke wangu la safari. Ni daftari la shule la jalada la bluu, lililonunuliwa sokoni hapa Newala, likapanda ndege kwenda Ujerumani na kurudi. Nililifungua nikiwa nimesimama, na nilipofika ukurasa wa tatu nikavuta kigoda nikaketi. Jua lilipokuwa utosini nilikuwa nimekwisha kuhesabu: sentensi 41 zilikuwa zimepigwa mstari mwekundu, na juu ya kila moja palikuwa pameandikwa sentensi nyingine, kwa mwandiko wangu mimi.

Habari za safari zinakoma ukurasa wa 23. Baada ya hapo tulisafiri majuma mengine manne, lakini hayamo.

Ilikuwa hivi. Katika miezi ya Mei, Juni na Julai mwaka 2023, mimi na mke wangu tuliishi Leipzig, mashariki ya Ujerumani, kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili. Viza ya Schengen humruhusu mgeni kukaa siku 90 katika kipindi cha siku 180, nasi tulizitumia takribani zote. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa tulikuwa walezi. Mimi nilimpeleka mjukuu mkubwa shule ya chekechea na kumrudisha. Mke wangu alimwogesha kichanga, akampikia mzazi uji. Jumamosi na Jumapili mkwe wetu alikuwa nyumbani, na binti alitutoa nje kwa upole. "Baba, Mama, nendeni mkatembee. Mkikaa ndani mtaumwa."

Tulipata bahati moja. Mei mosi ya mwaka ule Ujerumani ilianzisha tiketi ya mwezi mmoja ya euro 49, ambayo humwezesha mtu kupanda treni za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima. Treni za mwendo wa kasi hazimo katika tiketi hiyo, lakini wastaafu wawili wana haraka gani? Binti alitununulia tiketi mbili, akamkabidhi mama yake lile daftari na kumwambia, "Mama, andika mnayoyaona. Wajukuu watasoma."

Hakuniambia mimi. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, Masasi kwanza na baadaye Newala, na nilijiona kuwa ndiye mwandishi wa nyumba. Mke wangu alikuwa mkunga wa zahanati. Kazi yake ya kuandika ilikuwa ya rejista: tarehe, saa, mama amefika vipi, mtoto amelia au hakulia. Basi aliandika safari kama alivyoandika uzazi. Jumapili usiku aliandika, Jumatatu asubuhi mimi nikasahihisha. Sikuombwa kufanya hivyo. Niliona daftari mezani, nikaona makosa, na mkono ukaenda wenyewe mfukoni.

Ili msomaji aelewe alichokuwa akikiandika, sina budi kueleza habari ya maji.

Mimi ni mtu wa Masasi, chini, kwenye milima ya mawe. Mke wangu ni Mmakonde wa Newala, juu ya tambarare. Ardhi ya huku juu ni ya mchanga. Mvua ikinyesha huzama, na chemchemi hutokea chini kabisa, ukingoni mwa mteremko. Watu waliishi juu na maji yao yaliishi chini. Mke wangu alipokuwa mtoto aliondoka na mama yake jogoo la kwanza, wakateremka na mitungi, wakarudi jua limekwisha kuwa kali. Leo kuna mitambo ya kuvuta maji na mabomba, lakini bomba la Newala lina siku zake, na kila nyumba ina mapipa. Mgeni akisimama pale Shimo la Mungu, ukingo wa tambarare unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana hadi upande wa Msumbiji, husifu uzuri wa mandhari. Mwanamke wa Newala wa umri wa mke wangu akisimama palepale huona njia ya maji.

Macho hayo ndiyo aliyokwenda nayo Ulaya. Tulipofika mji wowote, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Maji yao hawa wanateka wapi?"

Mji wa kwanza ulikuwa Dresden, mwisho wa mwezi Mei. Mimi nilikwenda kuona kanisa la Frauenkirche, lililobomoka katika mashambulizi ya mabomu ya Februari 1945, likakaa kifusi miongo mingi, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2005. Katika kuta zake mawe ya zamani, meusi, yameingizwa kati ya mawe mapya yenye rangi ya mchanga, na jengo zima lina madoa kama ngozi ya kanga. Nilisimama pale nusu saa. Mke wangu alikwenda kwenye daraja la mto Elbe na hakurudi mpaka nilipomfuata.

Daftari linasema: "Tulikwenda kutembea Dresden. Mto upo katikati ya mji na hakuna mtu anayeteka. Maji yanapita bure."

Na juu yake, kwa wino mwekundu: "Tulizuru jiji la Dresden, lililopambwa na mto wenye maji tele."

Naomba msomaji azisome sentensi hizo mara mbili, kama nilivyofanya mimi juzi jikoni. Ya kwanza ina mtu ndani yake: mtu aliyebeba maji kichwani utoto wake wote, amesimama darajani na hayaamini macho yake. Ya pili haina mtu. Ingeweza kuandikwa na yeyote, hata ambaye hajawahi kufika Dresden. Nami niliipa alama.

Kosa lake la kwanza, kwa maoni yangu ya wakati ule, lilikuwa neno *kutembea*. Nilitaka *kuzuru*, au *kutalii*. Lakini kutembea katika Kiswahili ni neno pana na lenye adabu. Mtu hutembea kwa miguu, na mtu hutembea kwa jirani kumjulia hali. Anayekwenda kutembea ana mwenyeji, anakaribishwa, anauliza habari za nyumbani. Mtalii hutazama na kupita. Mke wangu aliandika kutembea kwa sababu ndivyo alivyokwenda: aliingia mji wa watu kama anavyoingia nyumba ya watu, akauliza jambo ambalo angemuuliza mwenye nyumba yeyote wa Newala. Neno lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jumamosi iliyofuata hatukupanda treni. Tulikwenda makumbusho ya Grassi palepale Leipzig, na hapo ilikuwa zamu yangu kuwa na sababu. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho hayo, alishuka Lindi na kupanda bara hadi Masasi, Newala na Mahuta. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu vita vya Majimaji vilipofika sehemu hizo. Alikuja na kamera na santuri ya kurekodia katika mitungi ya nta. Akapiga picha, akarekodi nyimbo, akakusanya vinyago na vyombo. Mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa makumbusho, na mwaka 1908 kitabu chake kikachapishwa mjini humohumo. Tafsiri yake ya Kiingereza, ya mwaka 1909, ni kazi ya Alice Werner, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkubwa wa Kiswahili London.

Niliisoma tafsiri hiyo usiku kabla ya kwenda, na nilichukizwa. Mtu alikaa kwetu miezi michache tu, kisha akaeleza tabia za Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa sauti ya mwenye hakika. Katika makumbusho sehemu kubwa ilikuwa ikipangwa upya, wala hatukuona vingi vya kwetu, lakini nilikuwa na hotuba tayari. Nilimweleza mke wangu kwa kirefu jinsi mgeni anavyopita mahali siku mbili tatu na kujifanya anapajua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwalimu, na sisi Dresden tulikaa siku ngapi?"

Sikujibu. Lakini daftarini, Jumatatu, nilikuta ameandika: "Huyu mzungu alikuja kwetu akaandika kitabu. Na mimi nimekuja kwao naandika." Nikapiga mstari, nikaandika pembeni: "Ulinganisho haufai." Leo naona kwamba ulinganisho ulifaa sana. Weule hakusita kwa sababu lugha yake ilikuwa ya kawaida au kwa sababu hajakaa vya kutosha. Aliandika, akachapa, na miaka zaidi ya 100 baadaye anayetaka kusoma habari za Newala ya zamani analazimika kupita kwake. Bibi wa Newala anayeiandika Ujerumani kwa macho yake mwenyewe nilikuwa naye meza moja, na mimi nilikuwa nikimtafutia vivumishi.

Berlin tulilala usiku mmoja, katika hosteli ya vijana, wazee wawili kwenye kitanda cha ghorofa. Yeye chini, mimi juu, nikishuka usiku kama mwizi wa maembe. Tulikwenda Makumbusho ya Elimu ya Viumbe kumwona mjusi mkubwa wa kale kutoka Tendaguru, Lindi. Mifupa yake ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na leo imesimamishwa ukumbini kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Hakuna mtu wa kusini mwa Tanzania anayeweza kuingia ukumbi ule akabaki kimya moyoni. Mimi nilisoma vibao. Mke wangu alitazama mfupa mmoja wa paja, akatazama shingo yake mwenyewe katika kioo cha kabati, akaandika usiku ule kitandani:

"Mifupa hii haikuletwa na gari. Ilibebwa kichwani mpaka Lindi, kama maji."

Wino mwekundu: "Ilisafirishwa na wapagazi hadi bandarini."

Ni kweli, ilisafirishwa na wapagazi. Lakini katika sentensi yangu wapagazi hawana shingo.

Asubuhi yake alinionyesha pampu za chuma za kijani zilizo kando ya barabara, zenye mpini mrefu. Berlin ina takribani 2,000 za namna hiyo, za akiba, ili mji usikose maji mabomba yakishindwa. Alishika mpini mmoja, akasukuma mara kadhaa, maji yakaja. Alicheka kama msichana. "Hawa wanajua," alisema. "Wana bomba ndani na bado wameweka akiba nje. Wamewahi kukosa." Hilo nalo aliliandika. Hilo nalo nililirekebisha.

Katika treni ya kurudi nilimsimulia habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Habari za mila alizoziandika na kuzikusanya ndizo kiini cha kitabu *Desturi za Wasuaheli* cha mwaka 1903, kilichotoka kwa jina la mhariri wake, Carl Velten. Mtoro alimwoa Bertha Hilske mwaka 1904. Mwaka uliofuata walisafiri kuja kuishi kwetu, lakini walipofika pwani walizuiwa kushuka pamoja, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikutaka kumwona mke mweupe wa Mwafrika. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo. Mke wangu alinyamaza vituo viwili. Kisha akasema, "Basi yule mtu aliandika yeye, na jina likawekwa la msahihishaji."

Nilidhani anazungumza habari za Velten.

Juni ilipofika katikati tulikwenda Wittenberg, mji mdogo, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa treni kutoka Leipzig. Ndiko alikofundisha na kuhubiri Martin Luther. Mtoto wa Masasi hawezi kuwa mgeni kabisa katika habari za kutafsiri Biblia: aliyeongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kuja kuanzisha kijiji cha misheni Masasi mwaka 1876 alikuwa Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kuifanyia kazi Biblia ya Kiswahili cha Unguja. Kiswahili hichohicho cha Unguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Jambo hili nimejivunia maisha yangu yote, kana kwamba Steere alinikabidhi mimi funguo.

Katika nyumba ya Luther, ambayo sasa ni makumbusho, nilijikumbusha jambo nililowahi kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha sita. Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534. Katika barua yake ya mwaka 1530 kuhusu kazi ya kutafsiri, alieleza kwamba anayetaka kujua namna ya kusema jambo asikiulize Kilatini. Akamsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, na atazame vinywa vyao. Lugha sanifu ya Wajerumani ilipata nguvu zake nyingi humo, kinywani mwa mama wa nyumbani. Nilitikisa kichwa kwa kukubali. Nilikuwa nimesimama mbele ya jambo hilo, na kalamu nyekundu ikiwa mfukoni.

Mama wa nyumbani kwangu hakuwapo. Nilimkuta katika ua wa nyumba aliyoishi mchoraji Lucas Cranach, ameinama juu ya kisima cha jiwe. Wittenberg ina njia za maji za karne ya 16 ambazo bado zinafanya kazi: maji hushuka yenyewe kwa mtelemko kutoka chemchemi za nje ya mji, yakapita chini ya ardhi katika mabomba, ambayo zamani yalikuwa magogo yaliyotobolewa, na kutokea katika nyua za watu. Hakuna pampu. "Sikiliza," aliniambia, akaweka kidole midomoni. Tulisikiliza. "Hayakatiki," alisema.

Jioni tulipofika stesheni tukakuta reli iko katika matengenezo, na abiria wanachukuliwa kwa basi. Nilimuuliza mfanyakazi basi linaondoka lini. Nilikuwa nimejifunza Kijerumani changu kitabuni, nikajivunia kuelewa jibu: "halb acht", yaani nusu na nane. Saa nane na nusu zao, nikamwambia mke wangu. Yaani saa mbili na nusu usiku. Akanitazama, akafungua kinywa, akakifunga. Tukarudi mjini kutembea. Jua la Juni huko huzama baada ya saa tatu usiku, hivyo hapakuwa na giza la kutuonya. Tuliporudi, kituo kilikuwa kitupu. Basi lilikuwa limeondoka saa moja na nusu, na jingine lilikuwa bado muda mrefu.

Tukaketi kwenye benchi. Hakusema neno. Alitoa daftari mkobani, akalifungua, akaniwekea mapajani. Juma la kwanza kabisa, alipokuwa akijifunza maneno kwa binti na kwa kina mama wa uwanja wa watoto, alikuwa ameandika:

"Wajerumani wakisema nusu ya nane, nane haijafika. Ni saba na nusu yao, saa moja na nusu yetu."

Na pembeni, kwa mwandiko wa mwalimu: "Si sahihi. Nusu ya nane ni saa nane na nusu."

Alilichukua daftari, akalifunga, akalirudisha mkobani. Tulikula korosho zetu za mwisho kutoka nyumbani tukisubiri, na upepo ukaanza kuwa baridi. Nilisema, "Pole, mama." Akasema, "Nimekwisha poa." Huo ndio ukurasa wa 23. Baada yake hakuna kitu.

Wakati ule nilifikiri alikasirika kwa sababu ya basi.

Mwezi Julai tulikwenda Prague, kwa basi kuvuka mpaka. Hapo ndipo mahali pekee pa safari zote ninapotamani zaidi kuwa na maandishi yake, nami sina. Ninaikumbuka ile saa kubwa ya mwaka 1410 ukutani mwa ukumbi wa mji wa kale. Ina mzunguko wa nje unaohesabu saa 24 kuanzia machweo, kama walivyohesabu Wacheki wa zamani. Nilifurahi sana. Nilimweleza mke wangu kwamba hata hawa waliianza siku magharibi, kama Mswahili anavyouita usiku wa kuamkia Ijumaa usiku wa Ijumaa, na kwamba sisi tunaodhaniwa kuhesabu saa kinyume hatuko peke yetu duniani. Alitabasamu, akaenda zake kuelekea mtoni. Alikaa huko saa nzima. Aliona nini katika mto Vltava, alimuuliza nani, alikumbuka nini, hayamo katika karatasi yoyote. Nilipomuuliza juzi alisema, "Ni zamani, Mwalimu. Mto ulikuwa mto."

Nimesahihisha maelfu ya insha katika maisha yangu. Sijutii kazi hiyo. Mwanafunzi anayekwenda kufanya mtihani lazima ajue ngeli na alama za uandishi, na Kiswahili sanifu kimetuunganisha Wamakonde, Wamakua, Wahaya na Wasukuma katika chumba kimoja cha darasa. Lakini kuna kosa moja ambalo hatukufundishwa chuoni kulitambua, nalo ni kosa la msahihishaji: kudhani kwamba sentensi isiyofanana na zetu ina upungufu. Katika zile 41, makosa halisi ya sarufi na tahajia ni sita. Nimeyahesabu nayo. Thelathini na tano zilizobaki zilikuwa sentensi nzuri kuliko zangu.

Kwa kuwa wengi wetu hapa ni wapenzi wa mashairi, nilitunga ubeti mmoja wa kuomba radhi:

*Kalamu yangu ya wino, nyekundu nakutuhumu,*
*Umekata lake neno, lililojaa utamu,*
*Lake lilikuwa vuno, langu makapi magumu,*
*Nimeushusha mkono, irudi yake kalamu.*

Jioni nilimsomea akichambua mchicha. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza kule makumbusho, mpaka mwisho.

"Vina vimetimia, Mwalimu," alisema. "Lakini maji hayamo."

Nikamwomba aendelee na daftari, hata kwa kukumbuka tu, na nikaahidi kutoligusa. Akasema kwamba daftari halikukaa bure, na kwamba kama ningeligeuza ningeona. Nikaligeuza. Upande wa nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi katikati, kuna kurasa nyingi za mwandiko wake ambazo sikuwahi kuzijua, kwa sababu mtafuta makosa huanzia mbele. Ni rejista ya bomba letu tangu tuliporudi.

"Jumanne. Yametoka saa nne usiku, membamba kama uzi. Ndoo tatu."

"Ijumaa. Hayakutoka. Tumenunua."

"Jumapili. Yametoka tukiwa kanisani. Jirani amenikingia, Mungu ampe."

"Jumatano. Hayakutoka. Nimewakumbuka wale wa ua wa Cranach."

Nimezisoma zote, na daftari nimelirudisha kwenye rafu yake juu ya mapipa.